Mkalimani wa Posa

Siku Bimdogo alipomfuata shuleni, Milembe alidhani maombi yake yamejibiwa.

Alikuwa anafuta ubao baada ya kipindi cha Kifaransa. Wanafunzi waliobaki katika somo lile hawakujaza hata safu moja ya madawati. Wenzao walikuwa wamehamia masomo ya biashara mmoja mmoja, na mkuu wa shule alishamdokeza kwamba mwakani huenda akapewa vipindi vya Kiingereza tu. "Mwalimu, hiki Kifaransa tutaongea na nani hapa Bariadi?" walimuuliza kila muhula. Naye aliwajibu kwamba lugha hupata wenyewe popote. Alikuwa na uhakika na jibu hilo kwa sababu ambayo asingeweza kuwaeleza. Yeye alikuwa na mtu wa kuongea naye.

Mtu huyo aliitwa Tajudin, na mama aliyesimama sasa mlangoni mwa darasa, amejitanda mtandio wa zambarau, ndiye aliyemzaa.

"Mwadila, mayu," Milembe alimsalimu mama huyo kwa Kisukuma, haraka, akikunja goti kidogo kama alivyolelewa kwao Sapiwi.

"Mwadila, mwalimu." Bimdogo hakuwa Msukuma, lakini miaka ya kuuza vitenge mjini hapa ilikuwa imemfundisha salamu zote. "Nimekuja na shida. Jumapili tuna mgeni kutoka Komoro. Ndiye anayepokea ng'ombe wetu kule Moroni. Alizaliwa Madagaska, akakulia Ufaransa, Kiswahili chake cha kuokoteza. Nyumbani kwangu anayejua Kifaransa ni Tajudin tu, na baba yake anasema mtoto hawezi kukalimani mambo ya wakubwa. Tukakukumbuka wewe."

"Mimi, mayu?"

"Si wewe uliyemfundisha?" Macho ya Bimdogo yalitua usoni pa Milembe yakakaa hapo, hata baada ya swali kwisha. "Uje baada ya misa yako. Na mtandio usisahau."

Alipoondoka, Milembe alikaa juu ya dawati la mbele, vumbi la chaki likiwa bado mikononi. Moyo ulimwenda mbio kama wa msichana wa kidato cha pili. Ameitwa nyumbani kwa kina Tajudin. Ameitwa na mama mwenyewe.

Walikuwa wamefahamiana mwaka uliotangulia, Tajudin alipokuja shuleni na karatasi za bandari ya Moroni ambazo hakuna mtu mjini aliyeweza kuzisoma. Alitaka kusomewa tu. Wiki iliyofuata alirudi akasema anataka kujifunza kuzisoma mwenyewe. Wakawa wanakutana kila Jumamosi asubuhi katika darasa hilihili, madirisha yote wazi ili watu wasipate la kusema. Mwanzoni ulimi wake ulikuwa mzito, akitamka kila herufi aliyoiona, hata zile zinazoandikwa tu na kunyamaziwa. Milembe alicheka mpaka machozi yakamtoka. Tajudin naye hakukasirika. Alimtazama akicheka, kisha akalirudia neno vibaya tena, kwa makusudi, ili acheke tena.

Mapenzi yao yalikulia ndani ya lugha ile. Sokoni, katikati ya wauza dagaa na wauza mchele, Tajudin aliweza kumwambia kwamba amependeza na hakuna aliyegeuka. Akiwa dukani kwa baba yake aliweza kumpigia simu mbele ya wateja akamwambia kwamba usiku hakulala kwa kumuwaza, na wateja wakadhani anaagiza mzigo. Milembe alijiona tajiri. Alijiona kama mtu aliyepewa chumba katika nyumba ambayo wengine hawauoni hata mlango wake.

Ila kila alipomuuliza lini atawaambia wazazi, Tajudin alikuwa na mwezi wa kusubiri. Tusubiri mfungo upite. Tusubiri pamba iuzwe. Tusubiri meli irudi.

Sasa ameitwa. Alimtumia Tajudin ujumbe: *Mama yako kanialika.* Kijana alikuwa Dar es Salaam, amekwenda kumpokea mgeni. Jibu lilichelewa, na lilipokuja lilikuwa fupi, kwa Kiswahili. *Tutaongea.*

*

Jumapili ile mawingu yalitanda tangu alfajiri, mazito na ya chini, bila kudondosha hata tone. Nyumba ya Mzee Mudathiri ilikuwa Somanda, geti la bluu, ua mpana uliolundikwa magunia ya mashudu ya pamba ya kulishia ng'ombe. Milembe alivaa gauni refu la kijivu, na mtandio mweusi alioununua kwa ajili ya siku hiyo.

Sebuleni waliketi wazee wawili: Mzee Mudathiri, mkimya, mwenye ndevu za mvi zilizochongwa vizuri, na mgeni, Mzee Ahamada, mwembamba, kofia ya darizi kichwani, miwani imening'inia kifuani. Bimdogo aliketi pembeni karibu na mlango wa ndani. Tajudin alikuwa anamimina kahawa. Alimwamkia Milembe "habari za asubuhi, mwalimu" kama mtu amwamkiavyo karani wa benki, na hakuinua macho.

Walianza na ng'ombe. Milembe alitafsiri habari za chanjo, za vyeti vya mifugo, za meli iliyokawia na wanyama waliofika wamekonda. Kazi ilikuwa nyepesi. Mzee Ahamada aliongea Kifaransa cha taratibu, cha mtu aliyesoma zamani na kusoma vizuri, na baada ya muda akaweka kikombe chini.

"Mademoiselle," alisema, "waambie kwamba ya ng'ombe yametosha. Sasa tuingie kwenye lililonitoa kwangu."

Milembe alitafsiri. Mzee Mudathiri akatikisa kichwa kukubali, akajiweka sawa kwenye kiti. Bimdogo alivuta mtandio wake mbele. Kuna kitu kilipita chumbani, kitu ambacho wote walikuwa wanakijua isipokuwa mkalimani.

"Nina binti," Mzee Ahamada aliendelea. "Naila. Ni mwalimu wa watoto wadogo pale Moroni. Hajui Kiswahili, na mimi sikutaka aolewe na mtu watakayekaa naye kama mabubu wawili. Kijana huyu alipokuja kwangu safari iliyopita, alikaa na binti yangu barazani wakaongea Kifaransa, mama yake akiwa karibu. Wakaelewana. Nami nikasema moyoni, huyu ndiye."

Yalikuwa maneno mepesi, na hakuna neno kati yake ambalo Milembe hakulijua. Lakini yalipofika mdomoni yakakwama. Kisha akayasema, moja baada ya jingine, kwa sauti ambayo aliisikia kama ya mtu wa chumba cha pili. *Nina binti. Huyu ndiye.*

Tajudin alianza kukusanya vikombe kwenye sinia.

"Kijana amejifunza wapi?" Mzee Ahamada aliuliza. "Matamshi yake ni mazuri mno kwa mtu wa huku bara."

Milembe alitafsiri. Uso wa Mzee Mudathiri ukafunguka kwa mara ya kwanza, ukajaa fahari ya mzazi. "Mwambie ni wewe," alisema. "Mwambie ni mwalimu huyuhuyu aliyekaa hapa."

"Ni mimi," Milembe alisema kwa Kifaransa.

Mzee Ahamada alivaa miwani ili amwone vizuri. "Umefanya kazi njema, binti yangu. Mungu akulipe. Nyumba hii itakukumbuka."

"Anasema nini?" aliuliza Bimdogo.

"Anashukuru," Milembe alijibu. Hilo moja alilifupisha. Ndilo pekee alilolifupisha siku ile.

Yakafuata mengine. Mzee Ahamada alieleza desturi ya kisiwa chake: nyumba ni ya mwanamke, na mume ndiye anayehamia kwa mke. Naila alishajengewa yake, ipo ubavuni mwa nyumba ya mama yake, imebaki kupakwa rangi. Kijana ataishi huko na kusimamia mifugo ikishushwa. Milembe alipofikisha neno *kuhamia*, alisikia Bimdogo akivuta pumzi nyuma yake, pumzi fupi, kama ya mtu aliyekanyaga mwiba. Mzee Mudathiri alitazama zulia. Akasema kwamba amesikia, na kwamba biashara inataka mtu wao kule, kwa hiyo ni heri.

"Limebaki swali moja," Mzee Ahamada alisema. Alimgeukia Tajudin, akamuuliza moja kwa moja, kwa Kifaransa. "Mwanangu, nimezeeka na sipendi kilio mlangoni kwangu. Kuna mwanamke huku uliyemwahidi? Kuna mtu?"

Hili halikuhitaji mkalimani. Tajudin aliweka sinia mezani. Alijifuta viganja kwenye kanzu.

"*Je n'ai pas personne*," alisema.

Milembe aliinua kichwa.

Kwa Kifaransa sahihi, asiye na mtu husema *je n'ai personne*, basi. Tajudin alikuwa ameongeza *pas*, kijineno cha kukanusha, juu ya sentensi iliyokwisha kukanushwa. Yakawa makanusho mawili yanayogombana. Aliyetaka angeweza kusikia *sina mtu*. Na aliyetaka angeweza kusikia *si kweli kwamba sina mtu*. Ni kosa la watoto wa kidato cha kwanza, na Tajudin alikuwa amelivuka zamani.

Mzee Ahamada alikunja uso. "Mademoiselle, hapo sijamwelewa. Anamaanisha anaye, au hana?"

Chumba kizima kilimgeukia. Mzee Mudathiri hakujua kilichoulizwa na alisubiri kwa upole. Bimdogo hakujua maneno, lakini alikuwa ameacha kuchezea pindo la mtandio.

Ingetosha sentensi moja. *Anasema anaye.* Asingekuwa amedanganya; kila mwalimu wa Kifaransa duniani angemtetea. Posa ingevunjika hapohapo, na mzee mwenye miwani angerudi kwao bila mkwe. Milembe alimtazama Tajudin. Alimtazama vile alivyozoea kumtazama Jumamosi, akimpa nafasi ya kujisahihisha. Tajudin alikuwa ameinamisha kichwa, macho kwenye sinia, mabega yamejikunja, na kwa jinsi alivyojikunja Milembe akaelewa kwamba anasubiri. Anamsubiri yeye alitamke jibu, abebe yeye lawama.

Milembe alikaa wima.

"Tajudin," alisema kwa Kiswahili, taratibu. "Mgeni hakukuelewa. Anauliza kama kuna mwanamke uliyemwahidi kumuoa, au hakuna. Mjibu kwa Kiswahili, wazazi wako wasikie. Mimi nitatafsiri."

Uani ng'ombe mmoja alilia, akanyamaza. Tajudin aliinua kichwa. Alimtazama baba yake. Alimtazama mama yake. Hakumtazama Milembe.

"Sina," alisema.

Mzee Ahamada alishaelewa; neno hilo alilijua. Hata hivyo alimgeukia mkalimani akasubiri, kwa adabu.

"*Il n'a personne*," Milembe alisema. Hana mtu. Ulimi wake haukuteleza popote.

*

Aliomba ruhusa ya kunywa maji, akatoka na kusimama uani, kando ya magunia ya mashudu. Harufu yake nzito ya mafuta ya pamba ilimkaa puani. Alisikia ndala nyuma yake na hakugeuka.

"Kwa nini hukunisaidia?" Tajudin aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nikusaidie nini?"

"Unajua. Nilikuachia mlango wazi. Ungesema wewe wangekuamini, wewe ndiye mwalimu."

"Kwa hiyo ulikosea makusudi."

"Ndiyo." Alisema kwa haraka, karibu na furaha, kama mwanafunzi aliyepatia. "Makusudi, Milembe. Kwa ajili yako."

Sasa Milembe aligeuka. Alimtazama usoni, uso ule alioujua mpaka kovu dogo chini ya kidevu, akatafuta hasira akaikosa. Alichokipata kilikuwa kizito kuliko hasira.

"Ningesema anaye, wangeniuliza ni nani. Halafu? Ningejibu ni mimi. Mkristo kutoka Sapiwi, niliyeletwa nitafsiri, nimevunja posa ya watu sebuleni kwao. Baba yako angenitoa nje mimi. Na wewe ungebaki umeshika sinia."

"Hujui hali ya nyumba hii. Mzee Ahamada akituacha, baba hana pa kupeleka ng'ombe. Mimi nitamwambiaje?"

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu safari ile ya Moroni. Sikukubali, Milembe. Nilinyamaza tu. Nilidhani yatapita."

"Mimi nilikwenda nyumbani baada ya Pasaka," Milembe alisema. "Nilimkuta baba na kaka zangu zizini. Niliwaambia kwa Kisukuma, lugha ambayo sina pa kujificha ndani yake. Nikasema kuna kijana Mwislamu mjini, nampenda, atakuja. Baba yangu ni katekista, Tajudin. Aliniuliza kama nimemaliza kuongea, akachukua fimbo yake akaenda kuchunga. Tangu siku hiyo hapokei simu yangu. Mama hunipigia akiwa kisimani."

"Hukuniambia."

"Nilikuwa nangoja zamu yako."

Tajudin alisogea, akataka kumshika mkono, akakumbuka walipo, akaurudisha. Macho yalikuwa yamemlowa. "*Je t'aime*," alinong'ona. "Hilo unalijua. *Je t'aime.*"

"Nalijua. Nilikufundisha mimi." Sauti yake ilitetemeka sasa, akaiacha itetemeke. "Mwaka mzima umenipenda kwa Kifaransa. Nilidhani ni siri yetu, nikaona fahari. Kumbe ulikuwa unanipenda pale ambapo mama yako hasikii. Hata siku moja hukuwahi kuniambia kwa Kiswahili."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Kabla ya kusema, Tajudin aligeuza shingo akatazama dirisha la jiko, kuhakikisha hakuna mtu. Ilikuwa mara moja tu, kama kupepesa jicho.

"Nakupenda, Milembe," alisema.

Ndilo neno ambalo Milembe alikuwa amelisubiri Jumamosi baada ya Jumamosi. Alilisikia vizuri, na ile shingo iliyogeuka alikuwa ameiona vizuri zaidi.

"Rudi ndani," alimwambia. "Mgeni haachwi peke yake."

Tajudin alibaki amesimama, akitafuta la kusema katika lugha moja, kisha katika nyingine. Mlango wa jiko ukafunguka. Tajudin alipomwona mama yake, alipita kando yake, akaingia.

Bimdogo alikuja mpaka kwenye magunia. Alikuwa na bilauri ya maji, akampa Milembe, akamtazama akinywa.

"Ni kweli alichosema?" aliuliza. "Kwamba mume huhamia kwa mke?"

"Ni kweli, mayu."

"Hukukosea kutafsiri?"

"Sikukosea."

Bimdogo aliegemea gunia. Kwa ghafla alionekana mfupi. "Nilijua habari zenu," alisema. "Mama hahitaji kusoma Kifaransa. Mtoto akiwa anacheka na simu, anajulikana. Nikasema msichana wa watu ataniondolea mwanangu, amfanye Mkristo, wajukuu zangu wabatizwe Sapiwi. Nikakuita makusudi, usikie posa kwa masikio yako, ukate tamaa bila mimi kukutukana." Alipokea bilauri tupu. "Sikujua kwamba na mimi nitasikia langu. Sapiwi ningefika kwa bodaboda."

Milembe alitaka kumchukia mama huyu, na siku nyingine huenda angeweza. Alimuona akifuta pua kwa ncha ya mtandio, harakaharaka, kama anayefukuza nzi.

"Bado unaweza kukataa, mayu. Mwambie mzee."

"Mzee amekwisha sema ni heri." Bimdogo alijiweka sawa. "Twende. Wanapanga tarehe, na hawaelewani."

Milembe angeweza kuelekea getini. Viatu vyake vilikuwa barazani tu. Lakini alijua kwamba akiondoka watamwita Tajudin atafsiri tarehe ya ndoa yake mwenyewe, naye atajitafutia kosa jingine la kujifichia, na mwingine ataumia kwa kulisubiri, safari hii binti wa watu asiyejua lolote, kule kisiwani. Alifunga mtandio wake upya, akaingia.

Mzee Ahamada alitaka baada ya Ramadhani. Mzee Mudathiri alitaka Mfungo Mosi, mwezi wa heri kwa ndoa. Milembe aliwaeleza kwamba wanasema jambo moja, maana Mfungo Mosi ndio mwezi unaofuata Ramadhani, wazee wakacheka, wakapeana mikono. Alitafsiri mahari. Alitafsiri salamu za mama yake Naila. Mzee Ahamada alipouliza kama Mademoiselle atafika harusini, alijibu mwenyewe kwamba wakati huo shule zitakuwa zimefunguliwa.

Kisha Mzee Mudathiri akasema, "Tusome Fatiha."

Wote waliinua viganja. Milembe aliiweka mikono yake mapajani, hakujua pengine pa kuiweka. Sauti zilianza pamoja bila kuongozwa, ya mzee wa Somanda na ya mzee wa Moroni, kwa maneno ambayo wote wawili walifundishwa utotoni, na Bimdogo akifuata kwa chini. Tajudin aliketi mbele ya Milembe, macho yamefumbwa, viganja wazi, midomo yake ikienda pamoja na yao. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, hakuna mtu chumbani mle aliyehitaji kutafsiriwa.